KHITANI YA MWILI NA KHITANI YA MOYO
Maana yake kwa Mayahudi na kwa Manasara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfanya Ibrahimu kuwa rafiki yake. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeamrishwa kuifuata mila ya Ibrahimu, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu, kutahiri kwetu sisi watu wa pwani ni jambo la kawaida hata hatulifikirii. Mtoto hupelekwa kwa ngariba au kwa tabibu, hupikwa pilau, husomwa maulidi, na mambo yakaisha. Lakini jambo hili likitoka nje ya nyumba zetu huzaa maneno mawili mabaya. La kwanza husemwa barazani, pale Mwislamu anapomwambia Mnasara: Isa alitahiriwa, nawe mbona hukutahiriwa? Akadhani kuwa hoja imekwisha, naye hajui kwamba swali hilo lina umri wa karibu miaka elfu mbili, na kwamba mwenzake amekwisha fundishwa jawabu lake. La pili ni baya zaidi. Mtu mzima huja msikitini akitaka kusilimu, akapokewa kwa kuambiwa: nenda katahiriwe kwanza, kisha urudi. Wangapi waliokwenda wasirudi kwa neno hilo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Maneno haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutojua khitani ni alama ya nini. Wenzetu walioteremshiwa vitabu kabla yetu walishindana juu ya jambo hili hili mashindano makubwa, na dini mbili zikaachana njia kwa sababu yake. Mwenye kuyajua mashindano yao ataijua dini yake vizuri zaidi, wala hatasema barazani asilolijua.

Katika Taurati iliyo mikononi mwa Mayahudi na Manasara leo, kitabu cha Mwanzo, mlango wa 17, imeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu alifanya ahadi na Nabii Ibrahimu (A.S.), na akamwekea alama ya ahadi hiyo katika mwili, yaani kutahiriwa. Ibrahimu alikuwa na miaka 99, na mwanawe Ismaili miaka 13, wakatahiriwa siku moja, wao na wanaume wote wa nyumba ile, waliozaliwa humo na walionunuliwa kwa fedha. Kisha ikaamriwa kwamba kila mtoto mwanamume atahiriwe siku ya nane, na asiyetahiriwa atengwe na watu wake kwa kuwa ameivunja ahadi. Katika lugha ya Kiebrania ahadi haifungwi kama tusemavyo sisi, ahadi hukatwa. Basi asiyekatwa alama ya ahadi, yeye mwenyewe hukatwa na watu wake.

Hapa msomaji na atazame jambo moja. Siku ile Is-haka alikuwa hajazaliwa. Kwa maandishi yao wenyewe, mwana wa kwanza wa Ibrahimu aliyetiwa alama hii ni Ismaili. Ni kweli kwamba mlango ule ule wasema ahadi itasimama kwa Is-haka, na si uadilifu kulificha hilo. Lakini alama ilikuwa juu ya Ismaili kabla yake, na Waarabu waliishika. Mwandishi wa Kiyahudi aitwaye Josephus, aliyekuwako katika karne ya kwanza ya tarikhi ya Kizungu, yapata miaka 500 na zaidi kabla ya kupewa utume Mtume wetu (S.A.W.), aliandika kwamba Waarabu hutahiri watoto wao wakiwa na miaka 13, kwa sababu huo ndio umri aliotahiriwa baba yao Ismaili.

Kwetu sisi, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Nabii Ibrahimu alijitahiri naye ana miaka 80, kwa kadumi. Wanazuoni wamekhitalifiana: wengine walisema Kadumi ni jina la mahali, na wengine wakasema ni tezo la seremala. Ama juu ya kwamba alitahiriwa mkubwa wa umri, mapokezi yetu na yao yanakubaliana.

Tuje sasa kwa Mayahudi. Wao huiita khitani *brit mila*, maana yake ahadi ya kukata. Neno *mila* hapa si lile letu la Kiarabu lenye maana ya dini na desturi. Yamefanana kwa sauti tu. Kwao mtoto hutahiriwa siku ya nane tangu kuzaliwa, na siku ya kuzaliwa huhesabiwa. Siku hiyo ikiangukia Jumamosi, ambayo ni haramu kwao hata kuwasha moto, mtoto hutahiriwa vivyo hivyo, kwani ahadi ya Ibrahimu yaitangulia Sabato ya Musa. Mtoto hupewa jina lake saa ile. Huwekwa pia kiti kitupu, nacho ni kiti cha Nabii Ilyasi. Sababu yake, wasema wanazuoni wao, ni kwamba Ilyasi alimshitakia Mwenyezi Mungu kuwa Wana wa Israili wameiacha ahadi. Basi akalazimishwa ahudhurie kila khitani mpaka mwisho wa dunia, aone kwa macho yake kwamba hawakuiacha.

Wala usidhani kwamba wao huikimbilia alama hii bila ya huruma. Mtoto mgonjwa hungojewa mpaka apone. Na katika Talmudi, kitabu kikubwa cha fikihi yao, imo hukumu kwamba mama aliyefiwa na watoto wawili kwa sababu ya kutahiriwa, wa tatu hatahiriwi, mpaka akue na nguvu zake zijulikane. Neno hili la kulinda uhai tutalirudia.

Na alama hii waliilipia kwa damu. Mwaka 167 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme Antiochus wa Nne, Myunani aliyetawala Sham, aliwakataza Mayahudi wasitahiri. Imeandikwa katika kitabu cha Makabayo kwamba wanawake waliowatahiri watoto wao waliuawa, na watoto wachanga wakatundikwa shingoni mwa mama zao. Katika zama zizo hizo walikuwako Mayahudi wengine waliotamani kucheza michezo ya Wayunani, ambayo huchezwa uchi, wakaona haya kwa kutahiriwa kwao, wakajitengeneza ili wasijulikane. Mama akubali kufa kwa ajili ya alama, na kijana aifiche kwa ajili ya mchezo!

Akaulizwa Myahudi: alama hii ina maana gani? Bora nimtaje mmoja ambaye maneno yake wenye kusoma Kiarabu wanaweza kuyafuata, naye ni Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba, aliyekufa Misri mwaka 1204, tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin. Kitabu chake *Dalalatul Hairin* alikitunga kwa lugha ya Kiarabu. Alitaja humo sababu mbili. Ya kwanza ni kuipunguza shahawa, ili mtu asitawaliwe na matamanio ya mwili. Ya pili ni kwamba wale wenye kuamini kuwa Mwenyezi Mungu ni mmoja wawe na alama moja katika miili yao, wajuane na wapendane, wala asijitie mgeni kati yao kwa hila. Kwani mtu hajifanyii jambo hili wala hamfanyii mwanawe ila kwa itikadi ya kweli. Tena akasema kwamba mtoto hutahiriwa mchanga kwa kuwa akiachwa mpaka akue huenda asikubali. Maneno haya ya mtu mwenye kuipwekesha Ilahi yanatukaribia sisi kuliko wengi wadhaniavyo.

Lakini katika vitabu vya Mayahudi mna jambo lingine, nalo ndilo kiini cha somo hili. Neno lao la govi ni *orla*, na ndugu yake katika Kiarabu ni *ghurla*. Vitabu vyao hulitumia neno hilo kwa vitu visivyo mwili. Nabii Musa (A.S.), alipoona uzito wa kusema mbele ya Firauni, alilalamika kwamba midomo yake ina orla. Nabii Yeremia aliwalaumu watu wa zama zake kwamba masikio yao yana orla, hayawezi kusikia. Mti uliopandwa, matunda yake ya miaka mitatu ya kwanza huitwa orla, hayaliwi. Basi orla ni kila kifuniko kinachozuia kitu kisitimize kazi yake. Na juu ya vyote hivyo umetajwa moyo. Katika kitabu cha tano cha Taurati Musa awaamrisha Wana wa Israili wautahiri moyo, waache shingo ngumu. Na mbele kidogo humo humo awaahidi kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ataitahiri mioyo yao ili wampende. Yeremia akatisha zaidi: aliwaweka Mayahudi safu moja na Wamisri na mataifa mengine, akasema kwamba itakuja siku watakapoadhibiwa waliotahiriwa mwili tu, kwani nyumba yote ya Israili haikutahiriwa moyo.

Msomaji wa Kurani atakumbuka mara moja. Katika Suratul Bakara na Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ametuelezea khabari za wale waliosema kwamba mioyo yao ni *ghulf*, naye akawajibu kwamba ni laana na muhuri kwa ukafiri wao. Moyo *aghlaf* ni moyo uliofunikwa. Na Waarabu, mtu asiyetahiriwa pia humwita *aghlaf*. Lugha mbili za wana wa Ibrahimu zimepiga mfano mmoja.

Hapo ndipo yalipozuka mashindano. Ikiwa lengo ni moyo, kisu cha nini? Swali hili lilianza kwa Mayahudi wenyewe. Huko Iskandaria, katika zama za Nabii Isa (A.S.), alikuwako mwanafalsafa wa Kiyahudi jina lake Philo. Alifundisha kwamba khitani ni ishara ya kukata anasa na kukata kiburi cha mtu kudhani ameumba kwa nguvu zake. Lakini aliwaona watu katika mji wake waliosema: tumekwisha kuijua maana, basi ishara tuiache. Philo akawakataa. Alisema kwamba sharia ya nje ni kama mwili na maana ni kama roho, na mwenye kutaka roho hukaa, hana budi autunze mwili ndio nyumba yake. Mimi sijaona katika waliotangulia jawabu zuri kuliko hili.

Sasa Manasara. Katika Injili ya Luka imetajwa kwamba Yahya bin Zakaria alitahiriwa siku ya nane, na Isa bin Maryamu (A.S.) vivyo hivyo, akapewa jina siku hiyo. Ukihesabu kutoka 25 Desemba siku ya nane ni 1 Januari. Na kwa karne nyingi makanisa ya magharibi yaliiadhimisha siku hiyo, ambayo watu huijua kwa mwaka mpya wa Kizungu, kuwa siku ya Kutahiriwa kwa Bwana. Wakatoliki waliigeuza mwaka 1969 ikawa siku kuu ya Maryamu. Waorthodoksi wangali nayo.

Aliyeligeuza jambo hili ni Paulo, ambaye Waarabu humwita Bulus. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi aliyetahiriwa siku ya nane. Alipokwenda kuwahubiri Wayunani, walitoka Manasara wa Kiyahudi wakasema kwamba hao hawataokoka mpaka watahiriwe. Ukafanywa mkutano Baitul Mukaddas, yapata mwaka 49, na Yakubu, aitwaye ndugu wa Isa, akakata shauri kwamba watu wa mataifa wasilemezwe. Ila wajiepushe na vya masanamu, na damu, na mnyama aliyenyongwa, na zinaa. (Na katika hayo pia, damu na cha kunyongwa wengi wao walikuja kuyaacha baadaye. Mlango ukifunguliwa kidogo haujulikani utafunguka hadi wapi.)

Yapasa kumfanyia Paulo uadilifu, ijapokuwa hatumfuati. Hakuwakataza Mayahudi wasitahiri. Alimtahiri kwa mkono wake Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, na Tito aliyekuwa Myunani akakataa kumtahiri. Hoja yake ilikuwa hii: Ibrahimu alihesabiwa kuwa mwema kwa imani yake katika mlango wa 15 wa Mwanzo, na kutahiriwa kukaja katika mlango wa 17. Basi imani ilitangulia, na khitani ni muhuri tu uliopigwa juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Akawaonya watu wa Galatia kwamba mwenye kutahiriwa ili apate wokovu amejifunga kuitimiza sharia yote. Na Myahudi wa kweli, alisema, ni yule wa ndani, na khitani ya kweli ni ya moyo.

Hili ndilo jawabu utakalopewa barazani ukiuliza swali lile. Na ukilitazama utaona nusu yake ni haki. Imani ya Ibrahimu ilitangulia, sisi pia twasema hivyo. Lakini nusu ya pili haifuati. Hati ya shamba huandikwa kwanza, kisha hupigwa muhuri. Ni kweli kwamba maneno yametangulia muhuri. Je, mwenye hati akiubandua muhuri kwa kuwa ulikuja mwisho, kadhi ataipokea hati hiyo? Na mlango ule ule wa 17 wauita muhuri huo ahadi ya milele. Ama khitani ya moyo, Paulo hakuizua. Ameitoa kwa Musa na Yeremia, nao hawakuitaja ili kisu kiwekwe chini. Waliwaambia waliotahiriwa kwamba mmepungukiwa, hawakuwaambia kwamba mmezidisha.

Baada ya hapo Manasara wakaiweka batizo mahali pa khitani. Katika waraka kwa Wakolosai imetajwa khitani isiyofanywa kwa mikono, na batizo ikatajwa pamoja nayo. Mfano huo ulishikwa sana hata katikati ya karne ya tatu Cyprian, askofu wa Carthage, karibu na Tunis ya leo, aliulizwa kama yapasa kungoja siku ya nane ndipo mtoto abatizwe. Akajibu, yeye na maaskofu wenzake, kwamba hakuna haja ya kungoja.

Wala usiseme kwamba Manasara wote waliiacha khitani. Makibti wa Misri na Wahabeshi hutahiri tangu zamani. Mwaka 1442 mkutano wa Manasara wa Kirumi huko Florence, ulipotaka kuungana na Makibti, uliandika katazo kali kwamba mwenye kujiita Mnasara asitahiri kabisa. Na mwaka 1555 mfalme Galawdewos wa Uhabeshi, yule ambaye katika vita vyake aliuawa Imamu Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi mwaka 1543, alilaumiwa na mapadri wa Kizungu kwamba dini yake ni ya Kiyahudi kwa kuwa watu wake hutahiri. Akaandika waraka wa kujitetea. Alisema kwamba wao hawatahiri kwa sharia ya Musa. Ni desturi ya nchi tu, kama watu wanaochanja nyuso zao na wanaotoboa masikio. Tazama sasa: huko Ulaya maana ilibaki na kitendo kikaondoka, na kwa mfalme huyu kitendo kilibaki na maana ikaondoka.

Sisi tu wapi? Mwenye kutahiri mwanawe kwa sababu majirani wametahiri, akatumia fedha nyingi kwa karamu, na mtoto akafika miaka kumi hajui Fatiha, huyo amesimama pamoja na Galawdewos. Na lile neno la barazani limezidi kuwa dhaifu siku hizi. Makabila mengi ya bara yametahiri tangu kale, Wakikuyu na Wachaga na Wakurya. Na tangu mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilipoisifu khitani kuwa yapunguza kuambukizwa ukimwi, Manasara wengi wa Afrika hutahiriwa hospitalini. Mnasara aliyetahiriwa akikugeuzia maneno yako, utamwambia nini? Kitendo peke yake hakikumfanya yeye Mwislamu, na wewe hakitoshi kukufanya.

Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi khitani ni wajibu. Kwa Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik ni suna. Ibnul Kayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, amesema katika kitabu chake juu ya hukumu za mtoto mchanga kwamba Mwenyezi Mungu aliijaalia khitani kwa wafuasi wa mila ya Ibrahimu iwe alama yao, kama vile Manasara walivyo na batizo yao. Ni alama kubwa basi, na mwenye kuidharau ameidharau mila ya Ibrahimu. Lakini mlango wa Uislamu ni shahada mbili, si kisu wala maji. Mwenye kuzitamka kwa kusadiki amekwisha kuingia saa ile ile, na sala imemwajibikia saa ile ile. Khitani huja baadaye, akiwa aweza. Na akiwa mzee au mgonjwa, akaogopewa kudhurika, hungojewa mpaka ipatikane salama, na isipopatikana hana dhambi.

Jambo hili limekwisha kuamuliwa na mbora kuliko sisi. Mwaka 100 wa Hijra, watu wengi wa Khurasani walikuwa wakisilimu, na liwali wake, Jarrah bin Abdullah, akaambiwa kwamba hao wakimbia jizya tu, na wapimwe kwa khitani. Akamwandikia Khalifa Umar bin Abdul Aziz kuuliza. Khalifa akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu alimtuma Muhammad (S.A.W.) awalinganie watu, hakumtuma kuwa ngariba. Umar hakuiondoa khitani katika dini, kama walivyofanya wengine. Aliiondoa mlangoni tu, akaiweka mahali pake ndani ya nyumba.

Na imesihi kwa Mtume wetu (S.A.W.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Siku ya Kiyama watu watafufuliwa miguu mitupu, uchi, na wakiwa *ghurl*, yaani na magovi yao, kila kilichokatwa kimerudishwa. Siku hiyo Myahudi na Mnasara na Mwislamu hawatatambulikana kwa alama ya kisu.

Wallahu aalam.